Kila Umeme Ulipokatika, Baba Yako Alitoka

Mwanangu Zuhura,

Salamu nimeziruka kwa makusudi, kwa sababu nyumba ni moja na ukuta kati yetu ni mwembamba. Nakusikia unavyokunja nguo. Unakunja, unakunjua, unakunja upya, na mimi huku nimeshaanza kujiuliza ni nguo gani hiyo ya kukunjwa mara tatu. Unaona? Hata barua ya kuagana nimeianza kwa kukuchunguza.

Leo ni Alhamisi, alasiri. Kesho treni ya Kigoma inakuchukua, inakushusha Uvinza kwenye zahanati yako, na mimi nitabaki hapa Gongoni na kuku wawili na cherehani isiyo na mtu. Tangu Jumamosi unaniamkia tu. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, na marahaba yangu inarudi inagonga meza. Sikulaumu. Sitakufundisha kuchemsha maji wala kufunga mlango, maana muuguzi ni wewe, na mlango umeuona unavyofungwa humu ndani tangu uzaliwe.

Ninachoogopa ni kimoja tu. Naogopa kesho utaniamkia, utapanda, na hiyo shikamoo ndiyo itakuwa mazungumzo yetu yote mpaka nizikwe. Nyumba ya namna hiyo naijua. Nimekaa ndani yake miaka sita na baba yako, Mungu amrehemu, na wewe ulikuwemo, ila ulikuwa mdogo ukadhani ndivyo watu wazima wanavyoishi. Jumamosi uliniuliza kwa nini niko hivi, sikukujibu. Nakujibu sasa.

Ulikuwa darasa la saba. Baba yako alikuwa na cherehani yake pale barazani, na mwaka ule ndio sare za shule zilianza kuletwa zimeshashonwa, watu wakasahau njia ya kwa fundi. Unakumbuka mlenda? Ilifika siku ukauliza kama huu ni wa leo au ni ule wa jana umerudi. Chai tulikunywa bila sukari tukasingizia afya. Bati la jikoni lilitoboka, na mvua ikija napika nimejifunika sinia kichwani. Basi katika hali hiyo ndipo nikaanza kumwona baba yako ana lake jambo.

Umeme ulikuwa wa mgao, unakatika mchana, leo upande huu wa mji, kesho ule. Jirani yetu alikuwa na redio haizimwi tangu alfajiri. Sasa mimi nikagundua: redio ile ikinyamaza, baba yako anainuka. Anavua miwani, anaweka kipande cha nguo juu ya cherehani, anasema anakwenda kumwona mtu. Mara ya kwanza sikujali. Mara ya tatu nikasema, si bure. Cherehani ile ni ya miguu, haijui umeme ni nini. Fundi wa cherehani ya miguu anaondokaje kwa sababu umeme umekatika? Fundi wa kuchomelea ningemwelewa. Kinyozi ningemwelewa. Lakini huyu wangu anakanyaga kwa mguu, umeme unamhusu nini?

Akirudi, ndevu zimeoshwa. Na hapo swala ya alasiri bado.

Nikaanza kunusa. Sioni haya kukuambia, kwa sababu wewe mwenyewe umenikuta nanusa mashati. Siku moja nikachukua ule mfuko wake wa vipande vya nguo, nikakuta umelowa chini. Nikaupeleka puani, nikakutana na harufu tamu, ya vanila, ya kitu cha bei. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nikajua ni manukato ya mwanamke. Sisi tunakunywa chai chungu, kumbe kuna mtu mahali ananukia kwa jasho la mume wangu. Nilimpakulia chakula, nikamwangalia anavyokula, nikasubiri redio inyamaze.

Ilinyamaza siku ya tatu. Nikavaa buibui, nikamfuata. Akashika njia ya Mtendeni kwa haraka ambayo sijaiona miguuni mwake tangu alipokuja kunichumbia, na kila alivyoongeza mwendo, moyo wangu ulizidi kuwa mchungu. Akaingia kwenye duka la Mama Kondo.

Nikasimama ng'ambo ya barabara. Zuhura, duka lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mwalimu ambaye tulisikia ameuza baiskeli. Kulikuwa na mama mmoja wa Cheyo ambaye juzi yake tu alikuja kuniazima unga. Watu wazima, wenye dhiki zao, wamekaa kwenye mabenchi wanalamba aiskrimu kama watoto wa sikukuu. Ndipo nikaelewa habari ya umeme, nusu yake. Mashine yake ikizimika, Mama Kondo hana pa kuihifadhi, basi anaitoa yote kwa bei ya kutupa kabla haijawa maji. Kila asiyekuwa nacho alikuwa anasikilizia umeme ukatike.

Hapo ningeweza kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeshapata jibu. Lakini mtu aliyezoea kushuku akipata jibu jepesi analishuku nalo. Nikajiambia aiskrimu ni kisingizio, hapa pana kitu nyuma yake. Nikavuka barabara.

Baba yako alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, koni mkononi, futi yake ya kupimia bado iko shingoni. Mama Kondo anafuta meza. Aliponiona mlangoni akapaza sauti ili wote wasikie: "Karibu, mke mwenzangu. Njoo uone mume wetu ninavyomlea. Huko kwako mnamnyima hata sukari, mimi huku namlisha kwa kijiko."

Watu wakacheka. Wakanigeukia wapate jibu langu, wacheke tena.

Sina haja ya kukueleza wewe utani ni nini. Naueleza ili nilione kosa langu lilivyo. Mama Kondo ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka hapa kwenda pwani kwa miguu, na kupokewa na watu wa kule, kuzikana nao na kuoleana nao, sisi na wao ni watani. Mtani anakuita mke mwenzake mbele ya watu, anakuchukulia kuku, anakutukania shemeji, na ukikasirika ni wewe uliyekosa. Hayo nimeyanyonya. Mama yangu angejibu bila kuvuta pumzi. Angesema, mchukue kabisa, njoo ubebe na nguo zake chafu, na akikoroma usinirudishie.

Mimi nikapindua meza.

Mabakuli yakaenda chini. Nikamwita malaya wa pwani. Nikamwambia mguu wake usikanyage kwangu, wala kwenye harusi wala kwenye msiba. Nilimwambia mtani asije kwenye msiba wangu. Yule mwalimu akainamisha kichwa. Mama Kondo aliokota bakuli moja, akaliangalia, akaliweka kando, na kwa jinsi alivyoliweka nikajua amenielewa kwamba sitanii.

Baba yako hakupata pa kuiweka ile koni. Ilimyeyukia mkononi mpaka kwenye kikoti, akatembea nayo hivyo hivyo mpaka karibu na nyumbani. Tulipofika kona ya msikiti akasema, bila kuniangalia, "Mama Zuhura, bati siwezi. Kilo ya nyama siwezi. Kile kidude naweza. Nikikila, kwa dakika tano hakuna kinachonisumbua. Basi, hakuna kingine."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Na hizo dakika tano ulikuwa unamuwaza nani?"

Hakunijibu siku ile, wala siku nyingine yoyote. Toka hapo redio ikinyamaza, anaendelea kukanyaga cherehani. Akienda sokoni anarudi kwa muda ule ule aliosema. Mifuko yake nilikuwa napekua, sikuti kitu. Nilishinda, mwanangu. Nikampata mume asiye na siri hata moja, na asiye na neno la kuniambia. Tulikuwa tunakula tunasikia vijiko tu. Kazi ikarudi kidogo, bati likabadilishwa, sukari ikaingia ndani, lakini yule mtu aliyekuwa akiniigiza mwendo wangu nikitoka kisimani hakurudi tena.

Alipougua, ile wiki ya mwisho alipokuwa hali chochote, wewe uko chuoni, nilikaa kitandani kwake nikamuuliza, "Baba Zuhura, nikuletee aiskrimu?" Nilikuwa nimeshafunga kanga, niko tayari kwenda kwa yule mwanamke kumpigia magoti. Akatikisa kichwa. Akasema, "Acha tu. Usije ukanifikiria vibaya."

Aliyasema kwa upole, bila kunisuta. Alikuwa ananiondolea usumbufu.

Na msiba wake uliuona. Uliniuliza siku ya pili kwa nini msiba wa baba umekuwa mkavu vile, nikakuambia ni mapenzi ya Mungu. Nilikudanganya. Watani walikuja, wanne watano, lakini habari za ile meza zilikuwa zimeshazunguka Mtendeni yote, kwamba kwenye nyumba ile utani haupokelewi. Wakasema pole, wakakaa mkekani mikono magotini kama wageni waliopotea njia. Hakuna aliyevaa kikoti chake na kupita mbele ya watu anaiga fundi anavyopima kiuno. Hakuna aliyelizuia jeneza mlangoni akidai alipwe kwanza ndipo litoke. Baba yako, ambaye alizika watani wa nusu ya mji huu kwa vituko, alitoka nyumbani kwake kimya kimya. Mama Kondo hakuja. Nilimkataza mwenyewe, na alinitii.

Sasa njoo kwako. Miaka miwili umemaliza chuo, unajitolea hospitali bila mshahara, viatu vyako vimeshonwa mara mbili. Na kila Jumamosi unarudi na uso umechangamka. Mimi nikaanza tena. Nikasema, huyu anachekeshwa na nani na hali hii? Nikaona kijikaratasi cha koni kwenye mfuko wa koti lako jeupe. Nikakufuata, kama nilivyomfuata baba yako, njia ile ile. Nikakuona umekaa na yule mwanamke mnacheka, sikuingia, nikarudi nyumbani mbio ili ufike unikute nachambua mchele. Nikakuuliza yule bibi anakulisha nini, na anakutafutia bwana gani.

Ulisema, "Mama, ananihadithia habari za baba. Kwa nini uko hivi?" Ukaingia chumbani.

Tangu saa ile hadi jana nilikuwa natafuta mahali pa kukukamata. Ndiyo kweli yenyewe. Nilisema huyu anamlinda mtu. Nikasema habari gani za baba yake, mimi niliyelala naye miaka ishirini na mbili sina, aje awe nazo muuza aiskrimu? Leo asubuhi ikanishinda. Nikavaa, nikaenda Mtendeni kumuuliza mwenyewe.

Amezeeka. Ameketi karibu na mashine, mguu mmoja juu ya kigoda. Nikasimama mlangoni. Akaniangalia muda mrefu. Kisha akamwambia yule dada anayemsaidia, "Mpe mke mwenzangu kiti. Halafu ishike meza, mbao siku hizi ghali."

Zuhura, miaka kumi nilikuwa na deni la jibu moja. Nikamwambia, "Wewe ulikula naye vitamu, mimi nikaachiwa kufua. Nipe changu." Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka, halafu nikaona uso wangu umelowa. Hakusema amenisamehe. Alisema mashine hii ukiikaribia tu inaharibika, ina kumbukumbu.

Nikamuuliza walikuwa wanazungumza nini na mume wangu. Bado nilikuwa nataka kujua, wallahi, hata pale. Akasema, "Kuzungumza? Yule alikuwa hazungumzi. Alikuwa anakula ametazama barabara, akimaliza anakunja kikaratasi, anasema ahsante, anaondoka. Nyumbani kwako ulikuwa na mtu mpole, ukamwona jambazi." Akasema, "Siku moja tu alizungumza. Alitaka kuipeleka nyumbani. Alisema nina binti hajawahi kuila. Nikamwambia haitafika, jua kali. Akaifunga kwenye vile vitambaa vyake, tabaka juu ya tabaka, akaitia kwenye mfuko wake wa vipande, akaondoka anakimbia. Alipokuja tena nikamuuliza ilifika? Akasema ilifika maji."

Nilimwangalia nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Ule mfuko. Nilikuwa nimeshika mfuko ule mikononi, mwanangu. Ile harufu niliyoipeleka puani nikaitolea hukumu ilikuwa ni yako wewe. Angeniambia pale barabarani, kona ya msikiti, ningemwamini? Nisingemwamini. Ningesema uongo umetungwa vizuri. Nadhani alijua, ndiyo maana hakujisumbua.

Mama Kondo akanipa koni. Niliishika mbali na mwili kama nimepewa nyoka. Nikauliza ametia nini ndani, maziwa au unga na maji. Akasema ametia sumu ya wake wenza. Nikala. Nilitaka nione ni kitu gani hiki kilichowatoa watu wazima majumbani mwaka ule wa mlenda. Basi, ni baridi, ni tamu, inakuharakisha. Huwezi kuiweka akiba, huwezi kuificha, huwezi kuifikiria kesho. Ukizubaa imekutiririkia kiganjani. Kitu kisichoshibisha hata panya. Lakini nilipokuwa naila sikuwaza Uvinza, sikuwaza nani atakupokea stesheni, sikuwaza nyumba itakavyokuwa kesho jioni. Nilipomaliza nikashtuka, kwa sababu muda mrefu sana sijakaa bila kumwaza mtu kwa ubaya. Dakika tano, kama alivyosema.

Sijui kama umenielewa, na sina hakika kama mimi mwenyewe nimejielewa. Nahisi dhiki ikikaa ndani ya nyumba muda mrefu, kicheko cha mwenzio unakiona kimemegwa kwenye fungu lako. Unaanza kuuliza amekipata wapi. Mimi sikuwa nataka baba yako ateseke. Nilitaka tu asiwe na raha ambayo mimi sina, na hilo nimeliweka kwenye karatasi leo kwa mara ya kwanza, kalamu imesimama mara mbili.

Usitegemee nimegeuka malaika. Huko Uvinza, mwenye nyumba akikukaribisha kwa maneno matamu, muulize mpangaji wa kwanza aliondoka kwa nini. Hilo silifuti. Dereva anayekupa lifti bila kuombwa, ana lake jambo. Lakini ukimkuta mtu mwenye shida zake amekaa mahali anakula kitu kitamu peke yake, hata akiwa mume wako, hasa akiwa mume wako, mwache amalize. Akitaka kukuambia atakuambia. Asipotaka, si lazima liwe la kwako.

Na wewe kuwa na mambo nisiyoyajua. Nayasema haya meno yamekaza. Nenda Jumamosi unakotaka. Cheka na unayemtaka. Ukinipigia simu, niambie unachotaka kuniambia, na nikiuliza swali la pili, kata. Nitaelewa. Nitanuna, lakini nitaelewa. Ninachokuomba ni usije ukafika mahali ukaninyima neno jema kwa kuogopa nitalifikiria vibaya. Huyo mmoja alinitosha.

Sasa nakusikia umetoka, umekwenda kumuaga jirani. Begi lako liko hapa karibu na mlango, limefungwa. Mfuko wa pembeni umetuna, kuna kitu cha mviringo ndani yake, kigumu, na mimi si mtu wa kutoona kitu kama hicho. Nimelipita mara nne. Mara ya nne niliinama. Nilitaka kuitumbukiza barua hii humo ndani uikute njiani, ukiwa mbali, usinione uso wakati unasoma. Lakini kuiingiza ni mpaka nifungue zipu.

Nitakupa mkononi.

Mama yako